Mkaguzi akiondoka, lori linabaki na nani?

Ndugu msomaji, ipo barua moja niliyoipokea mwaka 2008 ambayo hadi leo naweza kukueleza rangi ya bahasha yake. Wakati huo nilikuwa ofisa wa usafirishaji katika kampuni moja ya malori mjini Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Barua ilitoka katika ofisi ya serikali. Ilisema wakaguzi watafika Alhamisi ya wiki inayofuata kukagua usalama wa magari, kumbukumbu zake na mazingira ya kazi. Tulikuwa na siku tisa.

Sitaitaja kampuni wala ofisi ile, kwa kuwa makala hii haikuandikwa kumshitaki mtu mwingine. Ninayemshitaki humu ni mimi mwenyewe. Lakini pamoja na kesi yangu nataka tulitazame swali ambalo naamini linamhusu kila mwenye gari, mwenye duka la dawa, mwenye shule, mwenye kiwanda na kila mtu ambaye siku moja ataambiwa kwamba serikali inakuja kukagua. Swali lenyewe ni hili: kujiandaa kwa ukaguzi ni jambo jema, au ni namna ya heshima ya kusema uongo?

Anayeujua ukanda ule wa dhahabu anajua kwamba maisha yake yanatembea juu ya matairi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafanya kazi hadi ulipofungwa mwaka 2021. Kabla ya yote hayo Mwadui ilikuwa ikitoa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi haujengwi wala hauendeshwi bila lori. Dizeli, vipuri, mabomba, vyakula, sayanaidi ya kuyeyushia dhahabu, na chokaa ambayo huchanganywa ili sayanaidi ile isigeuke gesi ikaua watu, vyote hivyo hufika kwa barabara au hushushwa bandari kavu ya Isaka na kupakiwa upya. Kutoka Dar es Salaam hadi Kahama ni karibu kilometa 1,000. Katika masafa hayo lori linapita vijiji, shule, masoko na akina mama wanaouza maembe ukingoni mwa lami. Miaka ile, kutoka Kahama kwenda Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, barabara ilikuwa ya vumbi tupu.

Sisi tulikuwa na malori 14. Bosi wetu hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mwanzoni ili nisije nikaeleweka vibaya. Mke wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyelipa gharama za hospitali bila kuombwa. Lakini alikuwa na mkopo wa benki, na mteja wetu mkubwa alikuwa akilipa baada ya siku 90. Barua ile ilipofika aliniita akaniambia, "Ustaadhi, hili nakuachia wewe. Hakikisha tunapita." Waliniita Ustaadhi pale kazini kwa sababu nilikuwa nikiwasalisha wenzangu adhuhuri chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya gereji.

Basi tukaanza kazi. Na sehemu kubwa ya kazi ile, Mwenyezi Mungu ni shahidi, ilikuwa kazi njema. Tulirekebisha breki za malori sita. Tulifunga taa ambazo zilikuwa hazijawaka kwa miezi. Tulinunua mitungi mipya ya kuzimia moto, visanduku vya huduma ya kwanza na vile vibao vya pembetatu vya kuakisi mwanga. Gereji ikafagiliwa, oili iliyomwagika ikafukiwa, mafundi wakapewa viatu vya ngozi na glavu. Siku ya nne nilijiuliza kwa mshangao, kumbe haya yote yalikuwa yanawezekana?

Lakini ipo sehemu ya pili ya maandalizi yale. Malori manane mabovu zaidi tuliyapangia safari ili Alhamisi yasiwepo uani. Malori sita yaliyobaki yalikuwa na matairi ya mbele yaliyokwisha. Bosi aliona kununua matairi 12 kwa mpigo ni mzigo mzito, kwa hiyo tukaazima matairi 12 kwa jirani mwenye kampuni kama yetu, kwa malipo, kwa makubaliano kwamba yatarudishwa Jumatatu. Kisha mimi nikakaa mezani siku mbili na usiku mmoja nikijaza fomu. Nilijaza fomu za ukaguzi wa kila wiki kwa miezi minane iliyopita, ukaguzi ambao haukufanyika. Nikaandika mihtasari ya vikao vya usalama ambavyo havikukaa, nikaweka na hoja za wajumbe. Nilibadilisha kalamu, bluu kwa mwezi huu na nyeusi kwa mwezi ule, ili ionekane kwamba haikuandikwa siku moja. Katika fomu za matairi niliandika namba zilizochongwa ubavuni mwa yale matairi ya kuazima, nikasaini.

Fundi wetu mkuu alikuwa mzee wa Kisukuma tuliyemwita Babu. Jioni ya Jumatano, akiwa amekaa juu ya rimu, alinitazama nikiandika namba zile akaniuliza kwa upole, "Ustaadhi, nieleze mimi sikusoma. Haya matairi tumelipa lori au tumempa mkaguzi?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Babu, wewe kaza nati." Akakaza.

Alhamisi wakaguzi walikuja wawili. Walikuwa watu wastaarabu na hawakuomba chochote, jambo ambalo nalitaja kwa sababu wengi wetu tukisikia neno mkaguzi tunafikiria bahasha. Walizunguka magari sita kwa muda wa saa moja, na mafaili wakayasoma kwa saa tatu. Walitusifu kwa utunzaji wa kumbukumbu. Jumatatu matairi yakarudi kwa mwenyewe, na yale ya zamani yakarudi kwenye malori.

Wiki ya tatu baada ya hapo, lori mojawapo kati ya yale sita lilikuwa njia ya Kakola na mifuko ya chokaa. Tairi la mbele kushoto likapasuka. Lori zito likipasuka tairi la mbele, usukani huvutwa upande ule kwa nguvu, na dereva anaweza kushindwa kulidhibiti. Lilipinduka nje ya barabara. Dereva alivunjika mkono. Utingo wake, kijana wa miaka 19, alifariki pale pale.

Askari wa usalama barabarani walifanya kazi yao. Waliuliza hali ya gari, na kampuni ikatoa faili. Faili lilisema kwamba wiki chache tu zilizopita lori lile lilikaguliwa na serikali na likaonekana zima, tena likiwa na matairi mapya, na namba zake zimeandikwa. Kama gari ni zima, kosa ni la nani? Dereva, akiwa na bandeji ya plasta mkononi, akawekwa ndani kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kufundishwa na mtu. Nilikuwa nikidhani kumbukumbu ya uongo kazi yake ni kuficha tu, kumbe inahamisha kosa pia. Ubovu wa tairi haukupotea pale nilipoandika kwamba ni jipya. Ulitoka kwenye stoo ya bosi na kwenye meza yangu ukaenda kukaa kwenye mabega ya mtu aliyekuwa dhaifu kuliko sisi sote, aliyekuwa akilipwa mileji na posho ya safari, na ambaye hakuwa na faili lolote la kumtetea. Kila karatasi ya uongo kuhusu usalama ni ushahidi ulioandaliwa mapema dhidi ya mtu mdogo.

Kaka yake dereva alinijia nyumbani baada ya magharibi. Akasema, "Ustaadhi, wewe ndiye uliyesaini. Niambie ukweli, gari lilikuwa zima?"

Nikamjibu, "Karatasi zinasema lilikuwa zima."

Litazame jibu hilo. Kila neno lake ni kweli. Karatasi zilisema hivyo. Na bado katika maisha yangu yote sijasema uongo mkubwa kuliko ule.

Sasa tuje kwenye hoja, kwa sababu nimezisikia hoja nyingi za kututetea sisi tunaofanya haya, na nyingine nimezitunga mwenyewe usiku nisipopata usingizi.

Hoja ya kwanza ni ya mgeni. Wanasema, mgeni akija nyumbani si tunafagia, tunatandika shuka nzuri na kuazima vikombe kwa jirani? Mbona hatuiti hiyo unafiki? Hoja hii ina mvuto, na kwa muda mrefu iliniridhisha. Lakini mgeni huja kwa ajili yake mwenyewe na ukimpa kikombe cha kuazima, chai anainywa yeye na hakuna aliyedhulumiwa. Mkaguzi haji kwa ajili yake, anakuja kwa niaba ya watu ambao hawapo uani: mama wa maembe, mtoto anayevuka kwenda shule, abiria wa basi litakalopishana na lori usiku, na utingo mwenyewe aliyelala juu ya mzigo. Hao hawawezi kuja kushika tairi kwa mikono yao, kwa hiyo wametuma macho ya mtu mmoja. Ukimpumbaza huyo, unakuwa umewafumba macho wote waliomtuma. Vikombe vya kuazima na matairi ya kuazima havifanani hata kidogo.

Hoja ya pili ndiyo inayosemwa zaidi misibani: ajali haina kinga, ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Mtu akiisema hii kumfariji mfiwa, sina neno naye. Lakini mimi niliyesaini fomu sina haki ya kuisema. Sisi Waislamu kisa cha mtu na ngamia wake tunakijua tangu madrasa. Kutegemea kwa Mola huanza baada ya kamba kufungwa, na mwenye kuacha kamba bila kufunga hana tawakkul, ana uvivu aliouvalisha kanzu. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria na watu zaidi ya 40 wakafa. Mwezi Agosti 2022, kule kwetu Kahama, eneo la Mwakata, lori na magari mengine yaligongana na watu karibu 20 wakapoteza maisha. Kila linapotokea la namna hiyo tunasema kudra, tunazika, na tunarudi kazini kwa matairi yale yale. Kudra ya Mola hatuijui. Kina cha mifereji ya tairi tunakijua, kinapimika kwa kidole.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Wanasema, wote wanafanya hivyo, na atakayekuwa mkweli peke yake atafilisika. Hii siwezi kuidharau, kwa sababu nimekaa kwenye hesabu za usafirishaji na najua faida ya safari moja inavyoweza kumalizwa na matairi mawili. Tazama suala la uzito. Oktoba 2013 Wizara ya Ujenzi ilipofuta ile nafuu ya asilimia tano ya uzito uliozidi, wenye malori waligoma, magari yakajipanga barabarani, hadi Waziri Mkuu akaingilia kati na nafuu ikarudishwa. Baadaye, mwaka 2019, Tanzania ilianza kutumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, yenye ukomo wa tani 56 kwa lori zima. Watu waliogoma 2013 hawakuwa wezi. Walikuwa wafanyabiashara waliozoea kuhesabu ile ziada kuwa ni faida yao.

Lakini ile ziada ni ya nani hasa? Wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa ya barabara kule Illinois kati ya 1958 na 1960, wakaona kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayapandi sambamba na uzito. Yanapanda karibu kwa kipeo cha nne. Maana yake, ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huharibu barabara karibu mara mbili ya ile iliyobeba kihalali. Na breki nazo haziongezeki uwezo kwa sababu tajiri ameongeza mifuko. Kwa hiyo faida ile inayopatikana kwa kuzidisha hulipwa na wengine, yaani mlipa kodi anayejenga barabara upya na familia inayozika. Ipo sura nzima katika Qur'ani iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Sisi tukiisoma tunamfikiria mwuza mchele mwenye kibaba chenye tundu. Hatumfikirii mwenye lori anayepita Vigwaza au Njuki akiwa na mpango wake na mtu wa mizani.

Kwamba wengi wanadhulumu ni habari ya kweli, lakini ni habari tu, haigeuki kuwa ruhusa. Pengine mkweli mmoja atafilisika. Lakini hata hapo, ni bora kusema wazi kwamba biashara hii kwa bei hii haiwezekani bila kumhatarisha mtu, kuliko kuifanya iwezekane kwa kalamu ya bluu na nyeusi. Mgodi unaotaka bei ya chini kabisa na faili safi kabisa kwa wakati mmoja unapaswa kuelezwa kwamba kimoja kati ya hivyo viwili ni cha uongo. Sisi wenye kalamu ndio tunaouzuia usielezwe.

Hoja ya nne niliitunga mwenyewe, na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Matairi mabovu yalikuwa kwenye malori sita. Lililopasuka ni moja. Mwaka uliotangulia tulitembea na matairi kama yale na hakufa mtu. Je, kama tairi lile lingehimili wiki mbili zaidi hadi likabadilishwa, ningekuwa mtu mwema? Nisingelipoteza hata lepe moja la usingizi. Ningeendelea kuwasalisha watu adhuhuri, na pengine mwaka huu ningekuwa nakuandikia makala juu ya uadilifu.

Jibu nililolifikia ni kwamba kifo cha yule kijana hakikuniongezea kosa, kilinifunulia tu. Kosa lilikamilika Jumatano jioni, nati ya mwisho ilipokazwa na mimi nikasaini. Yaliyofuata njia ya Kakola ni matokeo. Na kama hivyo ndivyo, basi kwa malori mengine matano, ambayo hayakuua mtu, kosa langu ni lile lile. Vilevile maelfu ya fomu zinazojazwa leo na ambazo hazitaua mtu kesho, kosa lake limeshakamilika. Hatupimwi kwa bahati. Anayerusha mshale gizani sokoni hawi mwadilifu kwa sababu mshale umepita katikati ya watu.

Baada ya hayo, turudi kwenye swali la mwanzo. Je, kujiandaa kwa ukaguzi ni vibaya? La. Breki tulizorekebisha zilikuwa breki za kweli, na nina hakika zimeokoa mtu ambaye mimi wala yeye hatutajua. Kama barua ya serikali inakufanya ununue mtungi wa kuzimia moto, ununue, na mtungi huo ubaki garini. Kipimo cha kutenganisha maandalizi halali na haramu ni swali la Babu. Kila unachokifanya kabla ya ukaguzi, jiulize unampa nani. Ukilipa lori, litabaki nacho Jumatatu. Ukimpa mkaguzi, ataondoka nacho Alhamisi jioni.

Kutokana na kipimo hicho yapo mambo kadhaa ambayo mwenye kampuni anaweza kuyafanya bila kusubiri barua. Kwanza, fomu ijazwe na aliyeona, siku aliyoona, na iandike ubovu. Nimejifunza kuliogopa faili lisilo na kasoro. Lori linalotembea barabara za ukanda ule mwezi mzima bila kuandikwa hitilafu hata moja ni lori ambalo halijatazamwa. Pili, dereva awe na haki ya kukataa kuondoa gari bovu bila kupoteza mileji yake, maana anayelipwa kwa safari tu amekatazwa kukataa kwa njia ya mfuko. Tatu, mwendo na usingizi. Sheria inaweka kilometa 80 kwa saa kwa magari mazito nje ya miji, lakini tajiri anayetaka lori lifike kesho asubuhi amekwisha kumwamuru dereva aivunje hata kama hakulitamka neno. Nguvu ya kugonga ya lori lenye mwendo wa 80 ni karibu mara mbili ya lile lenye mwendo wa 60.

Na serikali nayo ina sehemu yake. Sheria hazipungui. Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mwaka 2003 pekee zilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi na ile ya kudhibiti kemikali ambayo kwayo Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia hata usafirishaji wa sayanaidi. Usafiri wa nchi kavu ulikuwa chini ya SUMATRA, na tangu mwaka 2019 uko chini ya LATRA. Tatizo ni pale ukaguzi unapotumia saa moja kwa lori na saa tatu kwa karatasi, tena baada ya taarifa ya siku tisa. Mkaguzi akitokea ghafla Jumanne ya kawaida, akainama chini ya tela kabla hajafungua faili, akasoma namba ya tairi kisha akaulizia daftari la stoo, ataona mengi. Nasi tunaobandika stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo kila mwaka tujiulize kama gari ndilo lililokaguliwa au ni stika iliyonunuliwa.

Lakini nakiri kwamba hata mkaguzi hodari hawezi kuwa kila uwanja kila asubuhi. Mwisho wa yote usalama unabaki mikononi mwa mtu mmoja mwenye spana na mwingine mwenye kalamu, saa kumi na moja alfajiri, hakuna anayewaona. Hapo ndipo neno amana linapopata maana yake. Amana si ile inayolindwa na polisi. Ni ile ambayo ungeweza kuila na hakuna ambaye angejua. Tunafundishwa kumwabudu Mola kana kwamba tunamwona, na tukikosa kumwona, basi tujue kwamba Yeye anatuona. Mimi niliufundisha msingi huo kwa watoto, kisha nikakaa chini ya paa la bati nikabadilisha kalamu ili binadamu wawili wasinione.

Msomaji atataka kujua mwisho. Nilikaa kimya siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilichukua daftari la stoo, ambalo kijana wa stoo alikuwa ameandika kwa uaminifu, kwa mwandiko wake mbaya, matairi 12 yaliyoingia na tarehe yaliyotoka. Nilikwenda nalo polisi nikatoa maelezo. Namba za kwenye fomu zililinganishwa na za tairi lililopasuka, hazikuoana. Baadaye shitaka la dereva liliondolewa. Kazi nilipoteza, na hilo sikulihesabu kuwa ni dhuluma. Sikufanya ushujaa wowote. Nilirudisha kitu nilichokuwa nimekiiba, tena kwa kuchelewa, na mtu alikuwa amelala mahabusu siku zote hizo kwa ajili ya saini yangu.

Kilichobaki hakirudishiki. Nilikwenda kwa mama yake utingo, kijijini, Shinyanga vijijini. Nilimwambia yote, sikuacha hata kalamu mbili. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika upawa. Nilimwambia, "Mayu, nimekuja kuomba msamaha." Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Yule mkaguzi aliyelipita lile gari, naye amekuja kuniona?" Nikamwambia hapana, mkaguzi hakujua. Akasema, "Basi ulimdanganya hata yeye." Hakusema amenisamehe wala hakusema amekataa. Haki za Mwenyezi Mungu tunamwomba Yeye mwenyewe, na ni Mwingi wa kusamehe. Haki za waja zina wenyewe, na mwenye haki ile alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mkwaju.

Leo nikipita stendi ya malori, huwa nainama kidogo nikatazama tairi la mbele kushoto. Madereva vijana hudhani nimeangusha kitu. Nami nakuomba, ndugu yangu mwenye gari, mwenye karakana, mwenye kalamu: wiki hii, kabla barua ya mtu yeyote haijafika, toka nje ukalitazame lako. Kisha ujiulize swali la mzee yule ambaye hakusoma. Haya niliyoyafunga, nimelipa lori au nimempa mkaguzi?